Behewa Hutazamwa Chini

Kwenye daftari langu la hesabu za nyumbani, baada ya kurasa za ada, luku na madeni ya dukani, upo ukurasa mmoja ambao kwa muda mrefu mama watoto hakupenda kuuona. Juu nimeandika MABEHEWA. Chini yake kuna tarehe, bei, uzito kwa gramu, na alama ya vema kwa yale yaliyonifaa. Ni mabehewa ya mizigo ya treni ndogo, kila moja hulala kiganjani likaenea. Leo ninayo kumi na moja yenye alama ya vema. Kumi na mawili ya mwanzo hayana.

Mimi ni karani wa mizani katika ghala la korosho hapa Mtwara, na makazi yangu ni kata ya Reli. Mgeni akilisikia jina huuliza reli yenyewe iko wapi. Haipo. Ilikuwapo, ikang'olewa kabla sijazaliwa, likabaki jina. Nimekulia Nachingwea kwa babu mzaa mama, na huko kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Zamu ya kugonga ikinifikia nilikuwa nafika shuleni kabla ya mwalimu wa zamu. Ukikigonga kwa nondo sauti inakwenda mbali, halafu chuma kinabaki kinatetemeka, ukikishika unausikia mtetemo mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo reli niliyoijua utotoni: urefu wa mkono, inaning'inia mtini.

Treni ndogo niliiona mara ya kwanza mwaka 2015, nikiwa nimekwenda kununua feni. Mzungu mmoja aliyekuwa kwenye kazi za gesi alikuwa anafungasha kurudi kwao Marekani, anauza vyombo vya ndani katika nyumba aliyopanga Shangani. Feni ilishachukuliwa. Mezani lilikuwapo boksi: kichwa cha treni, reli za kutosha duara moja, na mabehewa mawili ya mizigo, yale yaliyozibwa kote yenye mlango wa kusukuma ubavuni. Nikalinyanyua moja. Yule bwana akaniambia, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba kila kitu pale kimepunguzwa mara 87. Nilikuwa na futi mfukoni. Nikapima, sentimita 14. Nikazidisha kwenye simu kwa 87, ikaja mita 12 na ushee. Akatikisa kichwa kukubali: futi 40, behewa la kawaida kabisa la kwao la zama zile.

Kazi yangu ni kipimo. Kutwa nzima naangalia kama gunia limetimia kilo zake, na mkulima aliyelala juu ya gunia hilo usiku kucha ananitazama mkono. Kukuta kitu kidogo namna ile, ambacho ukikizidisha kinarudi kuwa kweli bila kupunja, kulinishika mahali ambapo sikuwa nimejua kwamba pananing'inia wazi. Nililipa shilingi 80,000, fedha ya feni na nyingine juu yake. Usiku ule mama watoto aliwalaza watoto barazani kwa sababu ya joto, na hakuniuliza kitu. Kimya kile nakikumbuka kuliko ugomvi wowote.

Transfoma iliyokuwamo ilikuwa ya umeme wa Marekani, volti 120, na wa kwetu ni 230. Yule bwana alinionya nisiichomeke hata kwa kujaribu. Treni za kipimo hiki hutembea kwa umeme wa betri, volti 12, basi nikachukua betri ya pikipiki, nikaunga nyaya mbili, treni ikazunguka juu ya meza ya chakula. Mabehewa mawili nyuma ya kichwa kimoja. Nikaona hayatoshi.

Hapo ndipo nilipoanza kununua kwa macho. Mwaka 2016 niliona kwenye intaneti mabehewa matatu ya Kiingereza, yote kwa pauni 18. Upana wa reli ulikuwa uleule wa milimita 16.5 kama wangu, nikaamini yatafaa. Nauli ya kifurushi ikawa pauni 21, ghali kuliko mzigo wenyewe. Yalipofika posta niliyabeba kwa pikipiki nimeyakumbatia. Nikayaweka nyuma ya yale ya Kimarekani, na kitu kikakataa machoni kabla sijajua ni nini. Milango ilikuwa mirefu mno. Mtu wa kusimama kwenye lile behewa angekuwa jitu kando ya mwenzake.

Nilisoma wiki nzima mpaka nikaelewa. Waingereza wana kipimo chao, OO, ambacho hupunguza mara 76, lakini hutembea kwenye reli ileile ya HO, kile kipimo changu kinachopunguza mara 87. Walianza hivyo zamani kwa sababu vichwa vya treni vya kwao ni vyembamba kuliko vya Marekani na bara la Ulaya, na mota za miaka ya 1930 hazikuenea ndani ya kichwa cha Kiingereza kilichopunguzwa mara 87. Wakakuza mwili, reli wakaiacha ilivyo. Kwa hiyo upana wa reli haukwambii ukubwa wa behewa. Somo hilo lilinigharimu zaidi ya laki moja na kumi.

Mwaka uliofuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi Leipzig, Ujerumani, aliniambia kule kuna masoko ya mitumba ya siku za mapumziko ambako wazee huuza treni zao kwenye maboksi ya viatu. Nikamwambia, shemeji, ukiona mabehewa ya moja kwa 87, chukua. Akapata saba kwa euro 20. Alipokuja likizo aliyaleta ndani ya soksi zake ili yasivunjike, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Saba! Nikayapanga yote kwenye duara, nikaunganisha betri.

Kwanza kichwa hakikusogea. Halafu nikasikia harufu. Gamba la waya lilikuwa linayeyuka mezani, moshi mweupe unapanda, na mwanangu wa pili amesimama karibu. Nilichomoa waya kwa mkono mtupu, kovu lake liko kwenye kidole cha shahada.

Kumbe kuna mfumo wa Kijerumani wa reli tatu. Umeme huingia kwa vitufe vya katikati ya njia na kurudi kwa reli zote mbili za pembeni, hivyo magurudumu ya chuma na ekseli ya chuma havidhuru chochote. Mfumo wangu ni wa reli mbili: moja ni chanya, nyingine ni hasi, na kila ekseli sharti iwe na kizuizi cha plastiki kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Nilikuwa nimelaza vipande kumi na vinne vya chuma kati ya chanya na hasi ya betri ya pikipiki, tena bila fyuzi. Ukitaka kuchezea betri ya namna hiyo, weka fyuzi kwanza, kabla ya reli, kabla ya behewa, kabla ya furaha. Fyuzi ya taa za pikipiki inapatikana kila duka la vipuri.

Mabehewa yenyewe yalikuwa mazuri mno kwa juu. Herufi zake unasoma kwa darubini ya mkono, ngazi za ubavuni nyembamba kama uzi. Nikaulizia bei ya kubadilisha magurudumu: behewa saba, ekseli kumi na nne, kila moja kama euro moja na nusu. Jumla euro 21. Magurudumu yangezidi bei ya mabehewa. Nikafungua daftari nikajumlisha: shilingi 243,000 kwa mabehewa kumi na mawili, kichwa kimoja na duara moja, na sikuwa na treni. Nilikuwa na vitu vizuri vilivyosimama pamoja bila kujuana.

Mama watoto ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza. Alikuwa anapeta mchele. Akasema, "Baba, hii treni inatoka wapi inakwenda wapi?" Nikakosa la kumjibu. Akaendelea kupeta.

Tulikubaliana usiku ule. Hela ya mabehewa itatoka kwenye ovataimu ya msimu wa korosho tu, kuanzia Oktoba, na itaingia kwenye kibubu chake peke yake baada ya ada kulipwa. Mshahara hauguswi. Kibubu anakivunja yeye, kwa mkono wake, mara moja kwa mwaka. Wengine watasema mwanamume kupangiwa hivyo ni udhaifu. Mimi nasema tangu siku ile sijanunua hata behewa moja la majuto, kwa kuwa miezi tisa ya kusubiri humpa mtu nafasi ya kulitazama behewa kwenye picha mpaka alijue kwa ubaya wake.

Swali lake nililipeleka kwa babu.

Babu alikuwa kibarua kwenye genge la reli alipokuwa kijana. Wakubwa wa huku kusini wanaijua habari hii, lakini wadogo wengi hawaijui, kwa hiyo naisema. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, Kongwa, Urambo na huku Nachingwea. Nachingwea iko bara, haina pa kupitishia mzigo mkubwa, basi ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya upana wa mita moja kuelekea bara. Upande wa Lindi njia ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari unaoingia Mto Lukuledi. Karanga hazikukubali kama walivyopiga hesabu. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli ikabaki mikononi mwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ikachechemea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Vipande viwili vitatu vikabaki kuwa nguzo, vizingiti vya mifereji, na kengele za shule.

Nilimwekea babu lile behewa zuri kuliko yote ya Kijerumani mkononi. Macho yake yalishaingia ukungu, alikuwa anatazama kwa vidole. Hakupapasa ubavu, wala paa, wala zile ngazi nyembamba. Aligeuza miguu juu. Akapitisha dole gumba chini ya tumbo la behewa, polepole, kutoka gurudumu hadi gurudumu.

"Hapa patupu," akasema.

Nikamuuliza patupu vipi.

"Sisi mchana tulikuwa tunalala chini ya behewa, mjukuu wangu. Jua la huku unalijua. Behewa likisimama, kivuli chake ndicho nyumba. Mimi behewa nalijua kwa chini. Kulikuwa na vyuma vya breki vinapita hivi, na hivi, na mnyororo. Ukiinuka ghafla unajigonga." Akagusa paji la uso, kama panauma bado. "Hili lako huwezi kujigonga."

Nilirudi Mtwara na jibu la mke wangu. Treni inatoka Mtwara, inakwenda Nachingwea. Na kila behewa lisilo na kazi kwenye safari hiyo halikuwa langu, hata likiuzwa kwa bei ya andazi.

Niliyauza yote kumi na mawili. Yale ya Kijerumani yalirudi Leipzig kwa mkono wa shemeji, kwa bei ileile niliyonunulia. Ya Kiingereza alichukua mwalimu mmoja kwa ajili ya wanawe, ya Kimarekani yalikwenda Dar es Salaam. Nilibakiwa na mizani, meza, na tatizo jipya ambalo lilikuwa tamu: nani anauza behewa la Mtwara? Hakuna.

Jibu lilitoka kwenye hesabu. Reli ya mita moja ikipunguzwa mara 87 inakuwa milimita 11.5. Kuna kipimo kingine kiitwacho TT, kinachopunguza mara 120, na reli yake ina upana wa milimita 12. Tofauti ni nusu milimita, jicho halioni. Wajenzi wa Ulaya wanaounda reli za mita moja wanaitumia njia hiyohiyo ya milimita 12. Na TT ilipendwa sana Ujerumani ya Mashariki ya zamani, ambako Leipzig ilikuwamo. Kwa maneno mengine, maboksi ya viatu ya wale wazee wa kwa shemeji yalijaa kile nilichohitaji. Magurudumu ya TT ni madogo, nayo reli nyembamba mara nyingi hutumia magurudumu madogo, basi hata hapo yalikubali.

Safari hii sikumwagiza mabehewa. Nilimwagiza bogi, zile fremu zenye magurudumu manne zinazobeba behewa mbele na nyuma, zikiwa na kulabu zake za kuungia. Mwili wa behewa umevunjika paa? Umepauka? Hauna mlango? Chukua, ng'oa bogi, mwili utupe. Wauzaji walikuwa wanampa bei ya takataka. Jozi ya bogi kwa euro nne, kama shilingi 10,000. Na angalia upande wa nauli: mwili wa behewa ni hewa tupu iliyozungushiwa plastiki, unalipia kusafirisha hewa. Bogi nane ziliingia kwenye kopo moja la vaselini.

Hapo ndipo pesa ya behewa ilipo. Magurudumu yakiwa ya chuma, ya mviringo wa haki, na yamekaa katikati ya ekseli, behewa litatembea hata mwili wake ukiwa wa boksi la dawa ya meno. Magurudumu ya plastiki ya bei rahisi huokota uchafu na kuupaka reli nzima. Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu behewa la mtumba namwambia aombe picha ya chini. Muuzaji akituma picha tano za ubavu na hataki kuligeuza, liache.

Mwili najenga mwenyewe. Jirani yangu ni fundi wa vinyago, na kwenye kibanda chake masalia ya mninga na mpingo yanazagaa kama maganda ya korosho. Mninga naupasua vipande vyembamba vya kuta, nachora mistari ya mbao kwa mgongo wa kisu. Behewa langu la kwanza lilijikunja masika yalipoingia, kuta zikaachana kwenye kona, kwa sababu nilitumia mti usiokauka. Siku hizi kila kipande hulala uvunguni miezi mitatu, kimebanwa kati ya matofali mawili. Paa ni bati la kopo la maziwa ya unga, nalipinda juu ya chupa. Gundi na rangi ni kama shilingi 3,000, jirani nampa 1,000 ingawa anakataa. Jumla 14,000 kwa behewa zima. Kumi na moja ni 154,000, chini ya kile nilichotumia nikijifunza.

Kichwa cha treni nilinunua cha TT cha dizeli, euro 35. Kinavuta vizuri. Hakifanani na chochote kilichowahi kupita Nachingwea, na kwa sasa sina la kukifanya.

Sasa uzito, ambao ndio kazi yangu hasa. Chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kilichoundwa mwaka 1935, kina kanuni kwa HO ambayo nimeijaribu na kuiamini: anza na gramu 28, kisha ongeza gramu 14 kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Mabehewa yangu nimeyajenga kwa kukadiria mita tisa, yaani kama inchi nne yakishapunguzwa. Ishirini na nane na hamsini na sita, jumla gramu 84. Behewa jepesi kati ya mazito mawili huvutwa ndani ya kona na kuanguka, na watu hulaumu reli. Nilimwomba msimamizi wa ghala ruhusa, na jioni wafanyakazi wakiondoka napima kwenye ile mizani ndogo ya sampuli za korosho. Behewa langu likiwa tupu lina gramu 40 na kitu. Zinazobaki zinatoka kwenye mpingo.

Mpingo ukiutupa ndani ya ndoo unazama. Watu wa huku tunajua hilo tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri lina maana yoyote mpaka nilipohitaji uzito unaoweza kukatwa kwa msumeno. Kipande cha mpingo chenye unene wa sentimita moja na nusu kinajaza sakafu ya behewa lililozibwa, nachonga kidogo kidogo huku mizani inasoma, mpaka 84. Mabehewa ya wazi hayana pa kuuficha mpingo, kwa hayo natumia chubwi za wavuvi kutoka Mikindani, nazigonga ziwe bapa na kuzibana chini ya sakafu. Chubwi ni risasi, na risasi ni sumu. Nazigonga nje, mbali na watoto, na nanawa kwa sabuni kabla ya kushika chochote.

Kuna ufundi mwingine mdogo wa bogi. Skrubu ya bogi moja ikazwe mpaka bogi ibaki kugeuka kushoto na kulia tu. Ya pili ilegezwe kidogo iweze pia kuyumba. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata sakafu ikiwa mbovu, na behewa linakuwa vivyo hivyo. Kabla ya kujua hili, treni yangu ilikuwa inaanguka mahali palepale kila mzunguko, na nilikuwa nimeshabomoa njia mara mbili nikidhani kosa liko kwenye meza.

Hewa ya chumvi pia. Hapa hata bawaba za madirisha zinaliwa. Reli za chuma cha kawaida nilizopewa bure na shemeji ziliota kutu kabla ya miezi sita, treni ikawa inakwenda kwa kushtuka. Nilibadilisha kuwa zile za aloi ya shaba, nikeli na zinki, ghali zaidi, na nazifuta kwa spiriti kila Jumamosi. Huu ni mzigo wa kudumu kwa mtu wa pwani, auweke kwenye bajeti.

Mabehewa manne ya kwanza nilimpelekea babu Nachingwea ndani ya kapu, nimeyafunga kwa kanga. Kwa tumbo la behewa sikuwa na picha wala mchoro, nilikuwa na maneno ya babu tu: hivi, na hivi, na mnyororo. Nikapinda waya mwembamba wa kufungia, nikaupitisha chini kama alivyoonyesha kwa mkono. Mnyororo ulitoka kwenye mkufu uliokatika wa binti yangu. Ndani ya mawili nilipakia magunia, kila moja milimita 11, niliyoyashona kwa nyuzi za gunia lenyewe la katani. Mama watoto alishona thelathini katika hayo. Hakuniambia anashona. Niliyakuta asubuhi kwenye kisosi.

Babu alipewa la kwanza akaligeuza miguu juu, kama nilivyojua atafanya. Dole gumba likapita. Likagusa waya wa kwanza, likasimama. Likaenda la pili. Likafika kwenye mnyororo, na hapo akakaa kimya muda mrefu hata mama mdogo akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Kisha akainama polepole, akaleta behewa karibu na paji la uso, akaligusisha pale.

Akalirudisha mikononi mwangu. "Na mkono wa breki uko wapi? Ule wa pembeni, wa mtu wa chini kushusha."

Sikuwa nimeuweka. Niliweka kwenye yote yaliyofuata, pini ya kushonea iliyopindwa na kubanwa bapa kichwani, na yale manne nikayafungua upya. Mwaka huu kibubu kimevunjwa wiki iliyopita. Kwenye kopo la vaselini ziko bogi za behewa la kumi na mbili, mninga wake una wiki ya tano uvunguni, na pini nimeshaipinda.